Nililia mbwa alipouawa, mhadhiri akaniuliza historia iko wapi

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa Kitanzania, kwetu ni kijijini Dodoma. Sasa hivi nasoma fasihi mwaka wa pili hapa Recife, kaskazini mashariki mwa Brazil. Nilikuja kwa zile nafasi ambazo serikali ya Brazil huwapa wanafunzi kutoka Afrika. Kireno nimekianzia huku huku, kwa hiyo hata leo kuna siku darasani naambulia nusu tu ya kinachosemwa.

Muhula huu tuna somo la fasihi na filamu za Brazil, na tunatakiwa kuzisoma pamoja na historia ya nchi. Kazi ya kwanza ilikuwa juu ya Vidas Secas, riwaya ya Graciliano Ramos ya mwaka 1938, na filamu iliyotokana nayo, ambayo Nelson Pereira dos Santos aliitoa mwaka 1963. Kama hukuisoma karibuni, nikukumbushe: kuna mchunga ng'ombe anaitwa Fabiano, mkewe Sinha Vitória, watoto wao wawili wa kiume, na mbwa wao jike, Baleia. Wanakimbia ukame katika nyika kavu wanayoiita sertão, wanapata kazi kwenye shamba la tajiri mmoja, kisha ukame unarudi nao wanashika njia tena.

Mwalimu, kitabu kile nilikimaliza kwa siku mbili. Niliona kwetu kabisa. Ardhi ile iliyopasuka, ng'ombe mbavu nje, watu wanatembea hawaongei. Bibi yangu alikuwa akitusimulia mambo kama hayo hayo. Fabiano alipochukua bunduki akamwendea Baleia, nililia maktabani mpaka mama mmoja mhudumu akaniletea maji.

Nikaandika kurasa tisa. Mbili za mwanzo niliweka historia: Vargas alishika madaraka 1930, udikteta wake ulioitwa Estado Novo ukaanza 1937, jeshi likapindua serikali 1964. Saba zilizobaki nikaeleza kisa chenyewe, jinsi kilivyonigusa, na jinsi ukame wa huku unavyofanana na wa kwetu. Kazi imerudi na alama ya chini na maneno haya pembeni: "Ukame uko hata Dodoma. Kwa nini kisa hiki kimetokea Brazil?"

Nimepewa wiki tatu niandike upya, na safari hii niongeze filamu ya pili. Wenzangu wanasema nichukue Cidade de Deus, inajulikana dunia nzima. Mwenzangu mwingine ameniambia machozi si hoja, niyaache, nisome historia kwanza ndipo nirudi kwenye riwaya. Nimeazima vitabu vinne vya historia, vinene. Niko ukurasa wa 60 wa kitabu cha kwanza na sijui natafuta nini. Naogopa nikimaliza kuvisoma vyote nitakuwa sikipendi tena kile kitabu. Halafu nichukue historia ipi? Ya 1938 au ya 1963?

Nisaidie Mwalimu.

Binti wa Nyikani, Recife

*

Marahaba, mwanangu. Pole na alama, lakini swali uliloulizwa ni zuri sana, na nafurahi umelinukuu neno kwa neno. Mhadhiri wako hajakuambia uongeze tarehe. Tarehe ulizoweka zote ni sahihi. Shida ni kwamba kurasa zako mbili za mwanzo na zile saba zinazofuata hazijuani. Ukizing'oa zile mbili, insha inabaki vile vile.

Kwa hiyo vile vitabu vinne vifunge kwa sasa. Utavirudia, na utavirudia kwa hamu, kwa sababu utakuwa na jambo unalolitafuta. Rudi kwanza kwenye riwaya yenyewe, na safari hii usiangalie ukame. Angalia mvua.

Sisi tuliokulia nchi kavu tunakisoma kitabu hiki tukiwa na kiu yetu wenyewe, tunasahau kwamba mvua inanyesha ndani yake. Sura ya 7 inaitwa Inverno, ndiyo masika ya huko: mto umejaa, familia imezunguka moto, Fabiano anasimulia na watoto wanasikiliza. Nyasi zimerudi. Sasa orodhesha mabaya yanayompata mtu huyu baada ya kupata kazi na mifugo kuanza kunenepa. Askari anamvuta kwenye mchezo wa karata, kisha anamtupa mahabusu na kumchapa bila kosa. Mtoza ushuru anamdai kodi ya nguruwe wake mwenyewe. Tajiri anampunja hesabu. Hakuna hata moja katika hayo lililoletwa na jua. Ukishaliona hilo, umeshaanza kumjibu mhadhiri wako.

Tukae kidogo kwenye hiyo sura ya hesabu, inaitwa Contas, maana ningetaka insha yako mpya ianzie hapo. Sinha Vitória anawatoa watoto nje, anakaa jikoni, anapanga mbegu za aina mbalimbali sakafuni, anajumlisha na kutoa. Mwanamke asiyejua kusoma anafanya uhasibu wa mwaka mzima kwa mbegu. Mkataba wao ni kwamba Fabiano anapata robo ya ndama na theluthi ya watoto wa mbuzi. Lakini hana shamba la chakula, kwa hiyo anakula kwa kukopa kwa huyo huyo tajiri, na mifugo anamuuzia yeye yeye kwa bei ya kutupa. Siku ya hesabu anakwenda na jumla ya mkewe kichwani. Ya tajiri ni tofauti. Anauliza, anaambiwa tofauti ni riba. Analalamika, anaambiwa kama hataki akatafute kazi kwingine. Na Fabiano, mwanamume mzima, anaomba radhi na kuondoka.

Hapo sasa uweke swali la Kidodoma. Kwa nini asiondoke kweli? Kwa nini asiende bonde la pili, akafyeka pori, akalima lake? Kwenu wazee waliweza kuhama na njaa, wakafika mahali, wakaomba kwa wenyeji, wakaonyeshwa pa kulima. Ulitumia Dodoma kuonyesha kufanana. Itumie kuonyesha tofauti, itakupa kazi nzuri zaidi. Jibu la kwa nini Fabiano hawezi liko katika mambo ambayo si ya hali ya hewa. Mashamba makubwa ya mifugo yaligawiwa tangu enzi za Wareno. Kisha mwezi Septemba 1850 zikapitishwa sheria mbili ndani ya wiki mbili. Tarehe 4 ni ile ya kukomesha kweli meli za watumwa, tarehe 18 ni Sheria ya Ardhi, iliyosema kwamba ardhi ya serikali haipatikani ila kwa kununuliwa. Ziweke bega kwa bega uzitazame. Mlango wa kuingiza watumwa unafungwa, na papo hapo mlango wa ardhi unafungwa kwa asiye na fedha. Utumwa wenyewe ulifutwa tarehe 13 Mei 1888, na walioachwa huru hawakupewa hata kipande cha ardhi.

Utasema Mwalimu ananirudisha kwenye tarehe. La. Fungua tena Contas, tafuta mahali Fabiano anapolalamika moyoni. Anajiuliza kama ni haki kufanya kazi kama mtu mweusi, na asipate kamwe carta de alforria, yaani ile hati aliyopewa mtumwa anapoachwa huru. Na Fabiano huyu mwandishi amempa macho ya bluu na ndevu nyekundu! Kitabu kimetoka 1938, miaka 50 kamili baada ya utumwa kufutwa, na bado mtu akitaka kusema "ninanyonywa" neno linalomjia kinywani ni la utumwani. Historia iko humo ndani ya sentensi, mwanangu. Huhitaji kuileta kutoka nje na kuibandika ukurasa wa kwanza.

Jambo la pili unalopaswa kulitazama kwa karibu ni yule kasuku. Mwanzoni kabisa wa kitabu, kwa njaa, familia imemla kasuku wao. Mama anajipa moyo kwamba hakuwa na faida, hata kusema hakujua. Angejulia wapi? Watu wenyewe hawasemi. Kilichobaki kwake kuiga ni sauti ya kuswaga ng'ombe na kubweka kwa mbwa. Mimi sura hiyo huwa inanichukua muda kuendelea. Fabiano hana maneno ya kumjibu askari, hana ya kumjibu tajiri, na mtoto mkubwa akiuliza maana ya neno jehanamu anaishia kupigwa na mama yake. Unganisha hilo na jambo moja ambalo wengi hawalijui: tangu sheria ya uchaguzi ya 1881 asiyejua kusoma Brazil alizuiwa kupiga kura, na kizuizi hicho kiliondolewa 1985. Karne nzima na zaidi. Kutojua kusoma kwa Fabiano kulimnyima hesabu yake na kulimnyima nchi yake.

Sasa swali lako la 1938 au 1963. Yote mawili, na usiyachanganye. Graciliano alikamatwa Machi 1936, akakaa ndani mpaka Januari 1937 bila kufikishwa mahakamani. Alipotoka akaandika kitabu hiki. Ile sura inayoitwa Cadeia, ya mahabusu, imeandikwa na mtu aliyejua harufu ya mahabusu. Ila uwe mwangalifu, usiandike kwamba Fabiano ndiye Graciliano. Graciliano alikuwa msomi, na kabla ya hapo alikuwa meya wa Palmeira dos Índios, katika jimbo la Alagoas. Amewahi kukaa upande ule wa meza ambako ushuru wa nguruwe unaandikwa. Nadhani ndiyo sababu yule mtoza ushuru hakuandikwa kama shetani. Ni mtu na kitabu chake cha stakabadhi.

Nelson Pereira dos Santos alipotoa filamu, kisa kilikuwa kile kile lakini watazamaji walikuwa na jambo lingine vichwani. Kaskazini mashariki nzima ilikuwa inazungumzia ardhi. Vyama vya wakulima, Ligas Camponesas, vilikuwa vimeenea katika majimbo ya Pernambuco na Paraíba. Rais João Goulart alikuwa anadai mageuzi ya ardhi. Na mwaka huo huo wa 1963, katika mji mdogo wa Angicos, Rio Grande do Norte, mzaliwa wa huko huko Recife ulipo wewe, Paulo Freire, aliongoza mafunzo ya kuwafundisha watu wazima wapatao 300 kusoma na kuandika kwa saa 40. Siku ya kufunga, Goulart mwenyewe alihudhuria. Kila aliyejifunza kusoma alikuwa mpiga kura mpya, na wenye mashamba walilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Jeshi lilipopindua serikali mwaka uliofuata mpango ukavunjwa, Freire akafungwa, kisha akaenda uhamishoni. (Katika miaka hiyo ya uhamisho alifika hadi Dar es Salaam, kwa watu wetu wa elimu ya watu wazima. Muulize mzee yeyote aliyefundisha kisomo miaka ya sabini.) Basi mtazame Fabiano wa kwenye filamu akisimama mbele ya tajiri, asijue kilichoandikwa daftarini, huku ukijua kwamba katika nchi hiyo hiyo, mwaka huo huo, kulikuwa na watu wanaojaribu kumfundisha alisome.

Kuna jambo dogo kuhusu utengenezaji ambalo litakufaa. Mwongozaji alijaribu kuipiga filamu hii mapema zaidi, akaenda nyikani na watu wake, mvua ikanyesha! Nyika ikawa kijani. Ikabidi atengeneze filamu nyingine kabisa, Mandacaru Vermelho, iliyotoka 1961. Kwa hiyo ukavu unaouona kwenye Vidas Secas ulisubiriwa. Watengenezaji waliutaka mwanga ule mkali mweupe unaoumiza macho, na hawakuupunguza. Hakuna muziki wa kubembeleza pia. Filamu inafunguka kwa mlio wa gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe, unasaga na kusaga mpaka unatamani mtu alipake mafuta.

Kuhusu filamu ya pili, Cidade de Deus ni kazi kubwa, siibezi. Lakini ilitoka 2002, imetokana na riwaya ya Paulo Lins ya 1997, na inakudai uieleze Rio de Janeiro, jinsi watu wa mabanda walivyohamishiwa mitaa ya pembezoni miaka ya sitini, na biashara ya dawa za kulevya. Wiki tatu hazitoshi, utarudi kule kule kwenye kurasa mbili za tarehe. Chukua Cabra Marcado para Morrer, ya Eduardo Coutinho.

Sikiliza jinsi ilivyotengenezwa. Aprili 1962 kiongozi wa chama cha wakulima cha Sapé, Paraíba, João Pedro Teixeira, aliuawa kwa risasi. Coutinho akaamua kutengeneza filamu ya maisha yake, waigizaji wakiwa wakulima wenyewe, na mjane wake Elizabeth akijiigiza mwenyewe. Walipiga picha Galileia, karibu na Vitória de Santo Antão, safari fupi kutoka hapo Recife. Mapinduzi ya 1964 yakawakuta katikati ya kazi. Jeshi likavamia, vifaa vikachukuliwa, watu wakakamatwa, wengine wakatawanyika. Sehemu kubwa ya picha ilinusurika kwa kuwa ilikuwa imeshapelekwa maabara Rio. Coutinho alirudi 1981, miaka 17 baadaye, na zile picha za zamani, akawaonyesha wale wale wakulima nyuso zao za ujana. Akamtafuta Elizabeth. Alimkuta mji mdogo wa São Rafael, akiishi kwa jina la uongo, Marta, akiwafundisha watoto kusoma. Watoto wake 11 walikuwa wametawanyika, wengi hajawaona tangu alipokimbia. Filamu ikatoka 1984, sehemu yake picha za zamani zisizo na rangi, sehemu yake za rangi.

Hapa hakuna atakayekuuliza historia iko wapi, kwa sababu iliingia na kuizima kamera. Na inaungana na Vidas Secas bila kulazimishwa: ardhi, daftari, kusoma. Ukimweka Sinha Vitória na mbegu zake karibu na Elizabeth na watoto wake wa darasani, una insha.

Na machozi yako usiyaache. Hapo mwenzako amekosea, na ninasema hivyo kwa uhakika wote nilio nao. Ulilia kwa sababu mwandishi alikupa mbwa mwenye jina, mwenye mawazo, anayekufa akiota dunia iliyojaa preá, vile vinyama vya porini jamii ya simbilisi. Watoto wawili wa kiume katika kitabu hicho hicho hawana majina, mmoja ni mkubwa na mwingine ni mdogo, basi. Kilichokuliza ndicho kitu cha kuchunguza. Filamu ya Vidas Secas ilipokwenda kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, Mei 1964, wapo waliodhani mbwa ameuawa kweli, wakakasirika, ikabidi mbwa mwenyewe apelekwe huko aonekane akiwa hai. Wakati huo jeshi lilikuwa limeshika nchi wiki chache tu. Andika aya moja juu ya hilo, ukijiuliza kwa nini kifo cha mbwa kilisikika mpaka huko. Sikupi jibu, maana nami bado nalitafakari.

Kuhusu vitabu vya historia, sasa unaweza kuvifungua, lakini anzia faharasa mwishoni, tafuta ardhi, kura, riba, Ligas. Soma kurasa hizo tu. Baadaye ingia Hemeroteca Digital ya Maktaba ya Taifa ya Brazil, ni bure, magazeti ya zamani yamo. Lipo na Diario de Pernambuco, linalochapishwa hapo hapo Recife tangu 1825. Soma magazeti ya wiki za mwisho za Machi 1964, siku kwa siku, pamoja na matangazo ya sinema na bei za vyakula. Kireno cha magazeti kitakupa taabu siku mbili tatu za mwanzo, halafu kitazoeleka. Kwa filamu, ukiona lahaja ya wakulima inakushinda, weka manukuu ya Kireno, si ya Kiingereza. Ukipata nafasi, itazame na mtu mzima aliyetoka bara huko, mpishi wa bwenini au jirani, umuombe akueleze maneno. Mama yule aliyekuletea maji maktabani, je, kwao ni wapi?

Kabla hujaandika neno, icheze filamu ya Vidas Secas mwanzo wake, fumba macho, sikiliza gurudumu. Kisha niandikie. Usinitumie insha nzima, nitumie ukurasa wa kwanza tu, ule wenye mbegu sakafuni.